Kuvumbikwa kwa Mtoto: Historia Iliyo Nyuma ya Riwaya Tunazozitahini

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, bila shaka umekutana na swali linalokutaka ujadili jinsi haki za watoto zinavyokiukwa katika riwaya au hadithi fupi uliyoisoma. Jibu lake tunalijua hata kabla ya kufungua daftari: ndoa za mapema, ajira ya watoto, tohara ya wasichana, ubakaji, ulanguzi wa watoto. Kila hoja hupewa mfano mmoja, jina la mhusika likatajwa, alama zikapatikana. Linapokuja suala la chanzo, mwanafunzi huandika "mila na desturi zilizopitwa na wakati" kisha akasonga mbele. Na iwapo mhusika ni msichana aliyeharibikiwa, basi atahukumiwa kwa "tamaa" au kwa kutosikia la mkuu.

Sisemi kwamba majibu hayo hayastahili alama. Ninachosema ni kwamba, tukiyapima kwa mizani ya historia, yanawasingizia watu wawili: mababu zetu na mtoto mwenyewe. Wakulima wa migomba wanalo neno zuri la kutusaidia hapa. Ndizi mbichi ikifunikwa kwa majani au kufukiwa ili iive kabla ya siku zake, husemwa kuwa imevumbikwa. Ndizi haijivumbiki. Kuna mtu aliyeikata ingali changa, na mara nyingi mtu huyo ana haraka yake: mnunuzi anasubiri, au kuna deni la kulipwa. Nitadai katika makala haya kwamba mtoto wa Afrika Mashariki, katika historia na katika fasihi yetu, amevumbikwa vivyo hivyo, na kwamba nyuma ya kila mtoto aliyekomazwa kabla ya wakati wake pana mtu mzima mwenye deni. Msomaji makini ataanza kwa kuliuliza deni hilo ni la nani.

Tuanze na lugha, kwa kuwa msamiati wenyewe ni kumbukumbu. Kiswahili hakikumtoa mtu utotoni na kumtia utu uzimani kwa hatua moja. Palikuwa na kitoto kichanga, kisha mtoto, kisha kigori ambaye hajavunja ungo, kisha mwari aliyewekwa ndani akifundwa, ndipo akaja mke na baadaye mama. Kwa wavulana tulikuwa na mvulana, barobaro na shababi. Kila jina ni ngazi, na baina ya ngazi hizo palikuwa na walimu: somo au kungwi kwa msichana, na katika jando ngariba pamoja na manyakanga waliowasimamia wavulana huko kumbini. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza kwa urefu taratibu za jando na unyago za watu wa Mrima katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Anayeisoma sehemu hiyo ataona jinsi shughuli nzima ilivyokula muda, watu na chakula. Mtoto hakuvuka peke yake wala hakuvuka bila ya kuambiwa anakokwenda.

Utendi wa Mwana Kupona nao tuusome kwa jicho hilo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, ambaye inaelezwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Wanafunzi wetu huukimbilia utendi huu kutafuta ushahidi wa ubabedume, na ushahidi huo upo, hakuna haja ya kuuficha. Lakini tazama pia tendo lenyewe la utunzi. Mama mgonjwa anamwita binti yake aje na wino na karatasi, akae, aandike. Utendi mzima ni ufundwaji. Unaweza kuyakataa mafunzo yake, lakini huwezi kusema kwamba binti huyu alisukumwa nje ya utoto bila ya mtu kuketi naye.

Tusijidanganye hata hivyo. Zamani hizo hazikuwa pepo ya watoto. Mwari wengi walitoka ndani wakaingia chumba cha mume aliyechaguliwa na wengine, na mtoto wa mtumwa hakuwa na ngazi yoyote ya kupanda. Naisisitiza hoja hii kwa sababu baadhi ya wahakiki wetu hupenda kuipaka rangi jamii ya kale hadi ikang'aa. Ninachotaka ukione ni kitu chembamba zaidi: uvukaji ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na mlinzi. Kuvumbika kulianza pale mtoto alipopitishwa nje ya lango hilo.

Njaa ilikuwa njia moja ya kumpitisha. Katika njaa ya miaka ya 1884 na 1885, na tena ile ya mwishoni mwa miaka ya 1890, familia za Wamijikenda ziliwaweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate nafaka. Rehani si uuzaji. Mzazi alikusudia kumkomboa mwanawe mvua ikinyesha na ghala likijaa. Wapo waliokombolewa, na wapo ambao hawakukombolewa, wakaishia utumwani. Katika miaka hiyo mtoto alitoka nyumbani akiwa mtoto, akafika kwa mwenye nafaka akiwa mikono ya kazi.

Ukiishika picha hiyo, hadithi ya Alifa Chokocho, "Tulipokutana Tena", iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), itakusomekea upya. Bogoa anapelekwa mjini na wazazi wake maskini ili alelewe na Sinai, wakitaraji atapata maisha bora. Anachopata ni kuamshwa mapema, kuosha vyombo, kupika na kuchuuza vitafunio, na kukatazwa kucheza na wenzake. Siku usingizi unapomshinda na maandazi yakaungua, anachomwa moto. Watahiniwa huandika "ajira ya watoto" na kumlaumu Sinai peke yake. Lakini Bogoa ni mtoto wa rehani. Deni ni umaskini wa wazazi wake, na malezi ya mjini ni jina la heshima lililopewa mkataba wa kale. Ndiyo maana uchungu wa Bogoa hauishii kwa Sinai tu bali unawafikia waliomtoa.

Serikali ya kikoloni ilipokuja, deni lilipata stakabadhi. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, iliyowakamata hata vijana wasio na kibanda, mradi wametimiza miaka 16. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nayo iliwalazimu wanaume wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Sasa fikiria. Vijiji vingi havikuwa na cheti cha kuzaliwa hata kimoja. Umri wa miaka 16 haukuwa na maana yoyote kwa jamii iliyohesabu watu kwa rika na kwa tohara. Aliyeamua kwamba kijana fulani sasa ni mwanamume alikuwa karani au chifu aliyemtazama kwa macho, na chifu huyo alikuwa na hesabu ya kodi ya kupeleka kwa bwana shauri. Lango likahamia ofisini.

Kinaya chake kiko katika neno moja. Mwanamume mwenye mke na watoto, aliyefua na kupika katika nyumba ya Mzungu, aliitwa "boi" hadi mvi zikamtoka. Mvulana asiyeota ndevu akalipishwa kodi ya mwanamume, na mwanamume akaitwa kwa jina la mvulana. Mwalimu anayefundisha kinaya na kukosa mfano nje ya tamthilia, huu hapa.

Mashamba ya walowezi nayo yaliwataka watoto wenyewe, kwa kuwa vidole vidogo vilionekana kufaa kuchuma pareto, kahawa na majani chai, na ujira wao ulikuwa mdogo kama vidole vyao. Assumpta Matei anapomweka Chandachema katika shamba la chai ndani ya Chozi la Heri, hamweki mahali pageni.

Kisa ambacho ningetaka tukae nacho kwa muda, kwa sababu kinavuruga kabisa lile jibu la "mila potovu", ni cha Meru. Mwanahistoria Lynn Thomas amekichunguza kwa kina katika kitabu chake kuhusu siasa za uzazi nchini Kenya, kilichochapishwa mwaka 2003. Katika jamii ya Wameru, msichana alitahiriwa baada ya kuvunja ungo, akikaribia kuolewa. Mimba ya msichana ambaye hajatahiriwa ilihesabiwa kuwa mwiko mkubwa, na mara nyingi ilitolewa. Maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1920 na 1930 walipata hofu kwamba utoaji mimba huo unapunguza idadi ya watu, na watu ndio nguvukazi. Je, walifanya nini? Walishinikiza wasichana watahiriwe mapema, kabla ya kuvunja ungo, ili mimba yoyote itakayotokea isiwe ya mtu asiyetahiriwa. Wasichana wadogo walikusanywa wakatahiriwa kwa pamoja, polisi wakiwa wasimamizi.

Soma tena aya hiyo, mtahiniwa. Sitetei tohara ya wasichana. Ilikuwa na maumivu na hatari hata ilipofanywa kwa wakati wake, na Kenya imeiharamisha kwa watu wote tangu 2011. Lakini kutahiriwa kwa mtoto ambaye hajabalehe, jambo ambalo mwanafunzi angeliandika kuwa mila ya jadi, hapa lilikuwa agizo la serikali. Ngazi ya mwari ilikatwa. Kisu kilibaki, mafunzo yaliyokizunguka yakapungua, na mwenye deni alikuwa afisa aliyetaka idadi ya watu iongezeke katika daftari zake.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, upepo ulibadilika. Wazee wa Njuri Ncheke, kwa kuhimizwa na serikali ile ile, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi wakaenda kichakani wakajitahiri wenyewe au wakatahiriana kwa nyembe za kununuliwa dukani. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana wakiwemo, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuivunja amri hiyo. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu nyingi, ikiwemo kuupinga utawala, lakini moja ni nyepesi kueleweka na yeyote aliyewahi kufundisha kidato cha kwanza: hakuna msichana aliyetaka kubaki mtoto ilhali wenzake wamevuka. Shinikizo la marika halihitaji fimbo. Walioambiwa na wazazi wao kwamba huu ndio mlango wa utu uzima waliukuta umefungwa, wakaubomoa kwa mikono yao.

Ngaitana ndio wanaonifanya nimsome kwa upole Tuama wa Chozi la Heri, anayetetea tohara iliyomfikisha hospitalini. Nimesahihisha insha nyingi zinazomwita mjinga. Matei hakumwandika mjinga. Amemwandika msichana anayerudia hoja alizofundishwa, na ambaye akizikana leo atakuwa amekiri kwamba maumivu yake yote yalikuwa ya bure.

Hadi hapa tumewaona watoto waliosukumwa mbele. Pana namna nyingine ya kuvumbika ambayo huwapotosha wahakiki kwa kuwa inaonekana kama kinyume chake, nayo ni kumfungia mtoto. Ndizi, kumbuka, huivishwa kwa kufunikwa. Katika Utengano (1980) ya Said A. Mohamed, Maksuudi anamfungia Maimuna ndani kwa jina la heshima na utawa. Wengi huandika kwamba Maimuna alicheleweshwa kukua. Mimi naona aliharakishwa. Kumfungia msichana ni kumwambia kwamba yeye tayari ni mwanamke, tena mwanamke wa hatari, kabla hajapata nafasi ya kujua maana ya neno lenyewe. Mwari wa zamani aliwekwa ndani kwa muda na kwa shughuli maalumu. Alikuwa na kungwi, na siku ya kutoka ilijulikana. Maimuna amewekwa ndani bila kungwi na bila siku ya kutoka. Anapotoka, anatoka kwa njama za Bi Farashuu, ambaye ana kisasi chake na Maksuudi. Deni lililolipwa kwa maisha ya Maimuna vilabuni na katika danguro ni la baba yake, na yeye hakuwahi kulikopa. Anayemwita Maimuna "msichana mwenye tamaa" hana budi kueleza tamaa ya kitu gani, kwa mtu ambaye hata barabara hakuijua.

Euphrase Kezilahabi alikuwa ameshaichora picha hii miaka tisa kabla yake. Katika Rosa Mistika, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, Zakaria anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa wa wakati huo ni mtoto wa shule. Aliyemwona kuwa mwanamke ni baba, si Rosa. Hofu aliyopandikizwa siku hiyo ndiyo anayokwenda nayo shuleni, na inapovunjika huko chuoni, inavunjika kama kingo za mto uliofurika. Ukali wa Zakaria haukumlinda mtu. Ulimwacha Rosa bila ya mafunzo yoyote isipokuwa kipigo. Walimu wa siku hizo waliokiogopa kitabu hiki walidhani kinawafundisha wasichana ukahaba. Kwa maoni yangu kilikuwa kinawasema akina baba, na pengine hilo ndilo lililouma.

Mwaka huo huo wa 1971, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Mvulana aliruhusiwa kuoa akiwa na miaka 18, msichana kuolewa akiwa na 15, na mahakama ingeweza kuruhusu hata ndoa ya mwenye 14. Kwa hiyo kitabu kilichomlilia msichana aliyekomazwa kwa nguvu kilizuiwa shuleni, ilhali sheria iliyomruhusu aolewe akiwa na umri wa kidato cha kwanza au cha pili ilipita. Ilichukua hadi 2016 kwa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kuamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Sisi Wakenya tusicheke. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza kumwoza mtoto, lakini ni Sheria ya Ndoa ya 2014 iliyoweka umri wa miaka 18 kwa ndoa zote. Huo pia ndio mwaka wa Chozi la Heri, ambamo Pete, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, anaozwa kwa mzee Fungo huku wajomba zake wakipokea mahari. Zingatia mahali Matei anapolielekeza jicho: si kwa bwana harusi pekee, bali pia kwa wapokeaji.

Shule zetu nazo zina deni lake, ingawa fasihi bado haijaliandika vya kutosha. Tangu KCPE ya kwanza mwaka 1985 hadi ya mwisho mwaka 2023, tumewatoa watoto vitandani alfajiri, tukawafundisha jioni na likizoni hata baada ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kukataza masomo ya likizo, ili wastani wa shule upande na jina la mwalimu litajwe. Mwandishi chipukizi anayetafuta ploti asiende mbali.

Nimalizie na mhusika anayenisumbua kuliko wote. Sauna, mtumishi wa nyumbani katika Chozi la Heri, anawaiba Dick na Mwaliko, ndugu zake Umu. Dick anaishia kutumiwa kusafirisha dawa za kulevya akiwa mtoto. Katika miswada ya kusahihisha, Sauna ni "katili", "msaliti", "mlanguzi", na sifa zote hizo zina ithibati yake. Lakini mwandishi ametupa pia habari ya utoto wake: alinajisiwa na baba wa kambo, akapata mimba, mimba ikatolewa, na mama yake akamtaka anyamaze. Mama alikuwa akiinusuru ndoa yake na jina la nyumba yake. Kwa hiyo Sauna naye alitolewa rehani, bila nafaka kurudi nyumbani. Alipotoroka alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu watoto, kwamba ni kitu ambacho mtu mzima anaweza kukitumia na mwingine akanyamaza. Mtahini akikuuliza sifa zake, mpe zote anazozitaka. Akikuuliza umuhimu wake, mweleze ni nani aliyemfundisha kazi hiyo, na mama yake umtaje.